Mubashara ya Kwenye Flashi

Najua nimepotea kidogo, mitihani ilinibana. Sasa matokeo yametoka, sapu sina, bumu bado halijaingia, kwa hiyo nina muda mwingi na hela kidogo. Hali kama hiyo inafaa sana kwa kugombana. Leo nagombana na neno moja tu: mubashara.

Pita pale kwenye ubao wa matangazo karibu na vimbweta uhesabu mabango. Onyesho la mubashara. Muziki na picha, mubashara kabisa. Usiku wa utamaduni, mubashara jukwaani. Halafu ulipe kiingilio chako uingie ukumbini uone unachopewa. Msanii anapanda, anainua maiki, wimbo unaanza na sauti yake imo tayari ndani ya wimbo. Ukutani inaonyeshwa video ileile uliyoitazama kwenye simu yako wiki nzima. Katikati ya ubeti anaisogeza maiki mbali na mdomo ili aisalimie mbele, na sauti inaendelea kuimba bila yeye. Hivi jamani, huyo aliyebaki anaimba ni nani?

Kabla hamjanirukia, sina ugomvi na wimbo uliorekodiwa. Nausikiliza kwenye daladala, naucheza harusini, na bila rekodi nisingejua nusu ya muziki ninaoupenda. Ugomvi wangu ni kuuziwa tiketi ya kitu kimoja na kupewa kingine. Ukienda kafteria ukalipia wali kuku, ukaletewa wali na picha ya kuku, utanyamaza? Basi mimi sinyamazi.

Na sababu ya kuandika leo ipo. Sisi ni kikundi cha watu watatu. Mmoja anasoma uhandisi wa umeme. Wa pili ni dada mmoja kutoka Dodoma anayepiga ilimba, ile marimba ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba, aliyofundishwa na babu yake. Wa tatu ni mimi, ninayekaa na kompyuta. Tuliomba nafasi kwenye usiku wa utamaduni. Tukaitwa kwa Mheshimiwa Waziri wa Burudani wa serikali ya wanafunzi, ambaye hutuita wadogo zangu ingawa tuko naye mwaka mmoja.

Akasema, "Wadogo zangu, kazi yenu nimeisikia, ni nzuri. Leteni flashi Alhamisi."

Tukamwambia, "Mheshimiwa, hakuna cha kuweka kwenye flashi. Picha inatengenezwa palepale wakati dada anapiga."

Akafikiri kidogo. "Basi rekodini mazoezi yenu, mlete. Sisi tutaicheza, nyie mtasimama pale mbele mkijifanya mnapiga. Watu hawatajua."

Watu hawatajua! Hayo ndiyo maneno yaliyonikosesha usingizi. Tulikataa, tukaondolewa kwenye ratiba, yakaisha. Tatizo ni kwamba hayakuisha. Sasa kamati inataka kuifanya iwe kanuni ya maandishi: kuanzia muhula ujao kila kikundi kiwasilishe sauti na video yake saa 48 kabla ya onyesho, na kisichowasilisha hakipandi jukwaani. Kikao cha kuipitisha ni wiki ijayo. Kikipita, hapa chuoni mubashara itakuwa marufuku, na mabango yataendelea kusema mubashara.

Ngoja nieleze tunachofanya, maana wengine wanadhani ni uchawi au ni filamu. Kwenye kisanduku cha ilimba tumebandika kidude cha duara cha shaba, kile kilichomo ndani ya kadi za muziki na vitu vya kuchezea watoto vinavyolia. Kwenye kadi kinapewa umeme kinatoa mlio. Ukikitumia kinyume, kikitikiswa kinatoa umeme kidogo, yaani kinageuka kuwa sikio. Waya unaingia kwenye kompyuta. Ndani kuna programu inayoitwa Pure Data. Hii huandiki mistari ya msimbo. Unachora visanduku na kuviunganisha kwa nyuzi, kama fundi anavyounga waya. Kisanduku kimoja kinapima sauti ni kubwa kiasi gani, kingine kinakisia noti ni ipi, nyuzi zinapeleka namba hizo kwenye rangi, maumbo na mwendo wa picha, na projekta inaitupa picha ukutani.

Dada akigonga chuma kirefu, ukuta unajaa rangi nzito inayozama taratibu. Akienda mbio kwenye vyuma vifupi, mistari inachanika. Akinyamaza, ukuta unakuwa mweusi, na ukumbi mzima unasubiri kidole chake. Ilimba pia ina ule mkwaruzo wake, unaotokana na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la kisanduku. Wazee waliuweka makusudi. Mitambo mingi ya kutambua noti inauona mkwaruzo huo kama uchafu wa kuchujwa. Sisi tumeupa kazi: ukizidi, picha inajaa chembechembe kama vumbi la Dodoma mwezi wa tisa. Mimi nina vitufe vinane vya kuzungusha, na kazi yangu ni kuamua kila dakika sauti ishike nini kwenye picha. Yeye anautazama ukuta, na ukuta unambadilisha mkono. Akiona umetulia sana anauchokoza. Sasa niambie, Mheshimiwa, hilo nitalirekodi Jumanne ili litokee Ijumaa?

Kipimo changu cha mubashara ni chepesi, hata wa mwaka wa kwanza anaweza kukitumia. Mwambie msanii aondoe mikono. Kama onyesho linaendelea vilevile, halikuwa mubashara. Kipimo cha pili: badilisha watazamaji. Leta watu wengine, wenye baridi, wasiopiga makofi. Kama dakika ya nne inafanana kabisa na dakika ya nne ya jana, umeangalia sinema.

Sisi wanachuo tuna neno letu la jambo hili: desa. Wote tunajua mtu anayekariri desa la mwaka juzi, anaingia kwenye mtihani, swali limebadilishwa kidogo tu, na yeye anaandika jibu la swali la mwaka juzi. Pleibeki ni desa la jukwaani. Inajibu swali ambalo watazamaji wa leo hawajauliza.

Sasa wapo wanaosema haya mambo ya kompyuta na picha za papo hapo ni ya wazungu, hayatuhusu. Mimi nawauliza: mpiga ngoma anaangalia wapi? Anaangalia mguu wa mchezaji. Mchezaji akiongeza, anaongeza. Kwenye taarabu mtu akitoka kwenda kutunza, mwimbaji anaweza kuurudia ule mstari uliomgusa mtunzaji, na wapigaji wanamsubiri. Hapo sauti na kinachoonekana vinaongozana tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa kati ya mkono na ukuta kuna mashine.

Na mashine nazo tulizizoea mapema. Mchiriku wa Dar es Salaam ulichukua vinanda vidogo vya Casio, ambavyo huko vilikotoka wengi waliviona kama vya kuchezea watoto, ukavipitisha kwenye spika za honi hadi sauti ikapasuka, na ule mpasuko ukawa ndio utamu wenyewe. Ikaja singeli kutoka kwenye vigodoro vya uswahilini. Albamu ya Sounds of Sisso ilipotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, dunia ikashtuka kusikia kasi ile. Sisso na Maiko, waliotoa Singeli Ya Maajabu mwaka 2024, wakiwa jukwaani wanazitwanga kibodi za kompyuta kama wanatwanga mahindi, wanakata vipande, wanarudia, wanaongeza kasi kulingana na watu walioko mbele yao. Hao wanaalikwa Ulaya kufanya mubashara. Sisi, watoto wa jiji lao, tunaambiwa tulete flashi.

Na picha? Tulikuwa nayo pia. Kaka zetu waliokulia kwenye vibanda umiza wanamkumbuka Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyekuwa akiifasiri filamu ya Kihindi au ya Kichina kwa Kiswahili, huku akiongeza vituko vyake. Uganda kazi hiyo ina jina kabisa, wanawaita maviijei, na filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 kutoka Wakaliga ilivuma duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Mfasiri aliyekaa kibandani na maiki anapunguza sauti ya filamu, anaongea, anairudisha, anawasikia wateja wanacheka wapi, kesho anaongeza chumvi palepale. Hilo ni onyesho la sauti na picha la papo hapo, tena lilifanyika kwenye mabanda ya mabati. Baadaye sauti ziliingizwa kwenye kanda na diski zikauzwa kila kona, zikafika mbali kuliko kibanda chochote, na hilo lilikuwa jambo jema. Ila kwenye kanda mfasiri hakusikii. Ucheke usicheke, anaendelea.

Haya, turudi kwa hao wazungu wenyewe, maana na wao hadithi yao inanisaidia mimi kuliko kamati. Wazo la kuunga sauti na rangi ni la kale. Mwaka 1725 padri mmoja Mfaransa, Louis-Bertrand Castel, alipendekeza kinanda ambacho kila kibonyezo kingetoa rangi. Mwaka 1922 Thomas Wilfred alifanya onyesho la hadhara New York kwa chombo chake alichokiita Clavilux, kinachopiga mwanga badala ya sauti. Mwaka 1970 Nam June Paik, kwa mtambo aliouunda na Shuya Abe, aliendesha kipindi cha televisheni cha saa nne huko Boston, akizipinda picha papo hapo hewani. Wote hao walikuwa wanatafuta jambo moja, yaani picha inayopigwa kwa mkono kama ala.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Paris. Kwa miaka mingi mtunzi aliyetaka kuchanganya ala na sauti za umeme alitumia kanda. Kanda ikianza, mpigaji analazimika kuifukuza. Akitaka kupumua kidogo kwenye noti nzuri, kanda imeshapita. Miaka ya 1980, kwenye kituo cha utafiti cha IRCAM, mtunzi Philippe Manoury na Mmarekani Miller Puckette walichoka na hali hiyo. Mwaka 1987 wakatoa Jupiter, kazi ya filimbi na kompyuta, ambamo kompyuta inamsikiliza mpiga filimbi, inajua amefika wapi, na inamfuata yeye. Mwaka 1988 ikafuata Pluton, kwa piano. Kutokana na kazi hizo Puckette akatengeneza programu ya Max, na mwaka 1996 akaja na Pure Data, akaitoa bure. Mark Danks akaongeza sehemu ya picha iitwayo Gem, na ndiyo hiyo tunayotumia kwenye ilimba.

Umeona mambo? Chombo hiki kilizaliwa ili kumtoa mpigaji utumwani mwa kanda. Na kamati yetu, miaka karibu 40 baadaye, inatwambia tukichukue chombo hicho, tukirekodi kwenye kanda, na tusimame mbele tukijifanya. Flashi ni kanda iliyonyolewa tu.

Najua hoja zao, nimezisikia zote pale ofisini. Nizijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: "Kitu cha papo hapo kinaweza kuharibika." Ndiyo, kinaweza. Ndiyo maana mtu anatoka hosteli akalipa. Timu ingeleta flashi ya mabao usingeenda uwanjani. Lakini tuongee kiufundi pia, maana hofu ya kuharibika inatibika. Kompyuta mpakato ina betri yake. Umeme ukikatika tunapoteza projekta na spika, na hapo hata flashi haitakuokoa. Programu ikigoma, una kompyuta ya pili au una ilimba yenyewe, isiyohitaji waya kusikika mbele. Na kinachohitajika zaidi ni muda wa kujaribu sauti kabla watu hawajaingia, jambo ambalo kamati haijawahi kutoa hata dakika 15. Halafu hizo flashi zenyewe mnazozisifu, nani hajaona onyesho likisimama kwa sababu faili limegoma kufunguka au flashi imekuja na virusi? Mshereheshaji anabaki anapiga porojo dakika 20. Mlichokikimbia bado mnacho, ila utamu wake ndio mmeupoteza.

Hoja ya pili: "Ni gharama." Jamani, ni gharama ipi? Pure Data ni bure. SuperCollider, iliyoanzishwa na James McCartney mwaka 1996, ni programu huria tangu 2002. Processing, ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianza mwaka 2001 ili wasanii wachore kwa msimbo, ni bure. Sonic Pi ilianza mwaka 2012, Sam Aaron akiwa Cambridge, ikilenga watoto wa shule wenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyouzwa kwa dola 35. Hydra ya Olivia Jack inatengeneza picha ndani ya kivinjari tu, na Strudel inatengeneza muziki humohumo kwenye kivinjari. Kompyuta yangu mimi ni ya mtumba, imepasuka kona, na inaweza. Projekta ipo karibu kila ukumbi wa mihadhara, usiku inalala. Kidude cha shaba tumekitoa kwenye kadi ya siku ya kuzaliwa iliyokwisha betri. Gharama kubwa tuliyolipa ni usiku wa kukesha kwenye vimbweta, na hiyo hatukuiomba kamati iturudishie.

Hoja ya tatu: "Picha na sauti vitapishana, itakuwa aibu." Hii angalau ni hoja ya mtu aliyefikiri, basi nayo nitaijibu kwa hesabu. Kompyuta inaikata sauti kuwa sampuli 44,100 kwa sekunde, na inazichukua kwa mafungu. Fungu la sampuli 512 ni kama milisekunde 12. Sauti yenyewe hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 12 ni sawa na kusimama mita nne kutoka kwenye ngoma. Nani amewahi kulalamika kwamba ngoma iliyo mita nne imechelewa? Picha zikiwa 30 kwa sekunde, kila moja inakaa milisekunde 33, zikiwa 60 inakaa 17. Na yule aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi, mita 34 kutoka kwenye spika, sauti inamfikia baada ya milisekunde 100 hata kama jukwaani kuna mtu na gitaa kavu tu.

Ila nakubali kwamba kasi ina adabu zake. Singeli ikienda mapigo 200 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 300, na robo yake ni 75. Ikienda 300, robo ya pigo ni 50. Hapo ukiacha fungu la sampuli 2,048, ambalo ni milisekunde 46, umeshapitwa na karibu robo nzima na picha itaonekana imelewa. Kwa hiyo unapunguza fungu, unapunguza mapambo ya picha, unachagua. Huo ndio ufundi wenyewe, na mwanafunzi anaujifunza kwa kupanda jukwaani na kuumbuka kidogo. Kwenye flashi haujifunzi hata kidogo, maana kwenye flashi kila kitu kimeshanyooshwa.

Hoja ya nne ndiyo inayoniudhi: "Kompyuta sio ala. Mtu amesimama nyuma ya skrini, tutajuaje kama hasomi barua pepe?" Nasema hoja hii ina haki, na jibu lake lipo tangu 2004. Mwaka huo huko Hamburg kikaundwa kikundi cha TOPLAP, cha watu wanaoandika msimbo jukwaani huku muziki ukilia. Msimamo wao mmoja ni kwamba msanii aonyeshe skrini yake. Kila herufi anayoandika inapigwa ukutani, ukumbi mzima unaona anavyofuta, anavyobahatisha, anavyokosea nukta na kuirekebisha. Mwaka 2012 wakaanza London kufanya disko kabisa kwa njia hiyo, wanaziita algorevu, na zimeenea nchi nyingi. Sasa linganisha: mtu anayekuonyesha kila kidole chake kinafanya nini, na mtu aliyesogeza maiki mbali na mdomo huku sauti yake inaendelea. Nani hapo anatuficha kitu?

Na kwa kuwa nimeamua kugombana, nigombane na wa upande wangu pia. Sio kila chenye kompyuta na ukuta unaomeremeta ni mubashara. Kuna washkaji wanaoweka wimbo, halafu wanawasha ile programu ya kuchezesha mistari na maua kufuata sauti, kama zile za Winamp tulizokuwa tunazikodolea macho internet café. Picha inaitikia, ni kweli, lakini inamwitikia kila mtu sawasawa. Ukiweka hotuba ya mkuu wa chuo, maua yatacheza vilevile. Hapo hakuna aliyeamua chochote. Kuna na wengine wanaojificha nyuma ya kompyuta iliyoinuliwa juu kama ngao, wanatikisa kichwa dakika 40, na mwisho hatujui walifanya nini. Kipimo kile kile kiwahusu na wao: ondoa mikono tuone. Mkitaka kamati iheshimu kazi hii, acheni kuipa kamati visingizio.

Sasa wengine watasema, wewe mtoto, nchi ina matatizo kibao, unalia na maonyesho ya usiku? Nalia, ndiyo. Chuo ni mahali pa kwenda kujaribu jambo ambalo halijathibitishwa. Kama hapa hatuwezi kusimama mbele ya wenzetu na kitu kinachoweza kugoma, tutasimama nacho wapi, kazini? Ile kanuni ya saa 48 haitazuia pleibeki hata moja, maana pleibeki ndiyo pekee inayoweza kuitimiza. Itakayemzuia ni yule dada wa ilimba. Itamzuia mpiga zeze, mghani anayetunga kutokana na sura anazoziona ukumbini, na kikundi cha ngoma kinachosubiri mguu wa mchezaji. Yaani usiku wa utamaduni utaufungia mlango utamaduni wenyewe, kisa hauingii kwenye flashi.

Sitaki kulalamika bila kupendekeza, kwa hiyo Mheshimiwa Waziri na kamati, haya ndiyo tunayoomba:

1. Bango liseme kweli. Kama ni pleibeki, liandike pleibeki. Watu watakuja tu, wimbo wakiupenda.

2. Kila kikundi kinachojiita cha mubashara kipewe dakika 20 za kujaribu sauti na picha kabla milango haijafunguliwa. Kisichofika kijaribio hakipandi. Hiyo ni kanuni kali kuliko yenu, na inapima kitu cha kweli.

3. Anayetumia kompyuta aonyeshe skrini, ama ukutani ama kwa kuigeuzia kwetu.

4. Projekta moja ya mihadhara iachwe ukumbini usiku mmoja kwa mwezi, kwa ajili ya wanaojifunza. Sisi watatu tutafundisha bure yeyote atakayekuja na kompyuta yake, hata kama imepasuka.

5. Kanuni ya saa 48 itumike kwa wa pleibeki peke yao. Wao wana cha kuwasilisha.

Kikao ni Jumatano saa kumi jioni, na nimehakikishiwa kwamba mwanafunzi yeyote anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Tunaomba mje wengi. Dada atakuja na ilimba, mimi nitakuja na kompyuta na ule waya, na tumeandika barua ya kuomba dakika tano za kuonyesha kabla hamjapiga kura. Barua imepokelewa Jumatatu na ina mhuri. Jibu bado hatujapata.